Kifua Kikitulia Ndipo Pumu Hutibiwa

Mjomba wangu alikuwa mshona magodoro pale Ngamiani, Tanga. Uani kwake magunia ya sufi yalikuwa hayaishi, na sisi watoto ndio tuliopewa kazi ya kuchambua mbegu na kuipiga sufi kwa fimbo hadi iumuke. Nyuzi zilipaa, zikatua kwenye nywele, kwenye kope, kwenye uji. Usiku wa siku hizo kifua changu kilipiga filimbi. Bibi alisema ni baridi, akanifunga kanga kifuani. Baba alisema ni maji ya bahari, nikakatazwa kuogelea. Nilichomwa sindano, nikameza vidonge vya kila rangi, nikakua hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka 31 tabibu mmoja aliponiuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kaka, unalalia nini?"

Nilikuwa nalalia mto wa sufi alionishonea mjomba mwaka niliooa. Ulikuwa na miaka minane na haujawahi kufunguliwa.

Naandika makala hii kwa ajili ya watu wa namna yangu: wanaoamka na chafya kumi mfululizo, wenye pua zinazoziba mwezi hadi mwezi, wenye kikohozi kinachowatoa kitandani usiku wa manane, wenye kifua kinacholia wakicheka au wakipanda ngazi. Naandika pia kwa wanaowalea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama zetu, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa sahihi hazimfikii mgonjwa. Vifo vingi vya pumu vinaweza kuzuilika. Ndiyo maana naliandika jambo hili kwa uchungu.

Mambo mawili ndani ya mrija mmoja

Mwili wenye mzio, au aleji kama tunavyosema mitaani, ni kama mlinzi aliyeliandika jina la mgeni mwema kwenye orodha ya wezi. Mgeni huyo anaweza kuwa chavua ya nyasi, kinyesi cha mdudu asiyeonekana kwa macho, au mba wa paka. Kwa mtu mwingine hupita salama. Kwako, kila akionekana mlangoni, king'ora hulia. Pua hutoa maji, macho huwasha, na kwa baadhi yetu mirija ya mapafu nayo huitikia. Neno lenyewe lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, lakini mateso yake ni ya kale kuliko jina.

Ndani ya mirija ya hewa hutokea mambo mawili, na ukiyatofautisha umeuelewa ugonjwa huu zaidi ya nusu. La kwanza ni kubana: misuli midogo inayozunguka mrija hujikaza, tundu likawa jembamba. Hili hutokea kwa dakika. La pili ni kuvimba: ukuta wa ndani wa mrija huwa mwekundu, hujaa maji, hutoa makohozi mazito yanayonata. Hili huja polepole na hukaa, siku hata miezi, hata wakati mgonjwa anajiona mzima. Mrija uliovimba ni kama kidonda kinachosubiri kuguswa. Vumbi kidogo, harufu ya rangi, mafua ya mtoto, na misuli hukaza mara moja.

Watu wengi wanatibu kubana na kusahau kuvimba. Wanatafuta dawa siku kifua kinapokataa, kisha kikitulia wanaiweka kabatini. Mimi nilifanya hivyo miaka mingi. Pumu hutibiwa siku zile unapopumua vizuri, na kila kilicho chini ya hapa kinatokana na hilo.

Na usiisahau pua. Pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Wenye pumu walio wengi wana mafua ya mzio pia, na pua ikiziba mtu hupumua kwa mdomo, hewa ikafika kifuani ikiwa kavu, baridi na bila kuchujwa. Nimewaona watu wakihangaika na kifua mwaka mzima, na walipotibiwa pua, usingizi ukarudi.

Kwanza hakikisha ni pumu

Si kila kifua kinacholia kina pumu, na si kila kikohozi ni mzio. Kwetu tahadhari ya kwanza ni kifua kikuu. Kikohozi kilichozidi wiki mbili, jasho jingi usiku, homa za jioni, kupungua uzito au makohozi yenye damu, hayo yanadai kipimo cha makohozi kabla ya maneno mengine yote, na vituo vya serikali hukifanya bila malipo. Kinyume chake pia hutokea: mtu mwenye pumu huandikiwa antibayotiki za nimonia mara nne kwa mwaka. Mtoto ambaye "nimonia" yake hurudi kila masika, haina homa kali, na hupoa akipewa dawa ya kufungua mirija, anastahili kuchunguzwa pumu.

Alama ya pumu ni kwenda na kurudi. Leo nzito, kesho nyepesi. Huzidi usiku na alfajiri, huzidi ukikimbia, huzidi ukifagia au ukitandika kitanda, na mara nyingi yupo mzazi au ndugu mwenye pumu, mafua ya mzio au ukurutu wa ngozi. Hospitali kubwa zina mashine ya kupima nguvu ya pumzi: unapuliza kwa nguvu, unapewa dawa ya kufungua mirija, unangoja robo saa, unapuliza tena. Namba ikipanda kwa kiasi kikubwa, jibu limeanza kupatikana. Kipo pia kifaa kidogo cha plastiki cha kupulizia ambacho unaweza kukaa nacho nyumbani ukaandika namba asubuhi na jioni.

Kipimo cha mzio cha ngozi, kile cha kutonesha matone mkononi na kuchoma kidogo, kinapatikana katika baadhi ya hospitali za miji mikubwa. Ukikiendea, dawa za aleji husimamishwa siku kadhaa kabla, la sivyo ngozi haitajibu. Lakini daftari la shilingi mia tano linaweza kukufikisha mbali kabla ya hapo. Andika wiki mbili: saa ulipobanwa, ulikuwa wapi, ulishika nini, ulilala wapi, jikoni kulikuwa na moshi gani. Binamu yangu aliandika hivyo akagundua kwamba hubanwa Jumamosi tu, siku anayopiga deki kwa dawa ya klorini mlango ukiwa umefungwa.

Dawa ya bluu na mwenzake

Inhela ya bluu, ambayo wengi wanaiita pampu, aghalabu ni salbutamol. Inalegeza misuli iliyokaza. Ndani ya dakika tano unahisi nafuu, na nafuu hiyo hudumu kiasi cha saa nne hadi sita. Uvimbe haigusi hata kidogo. Na kwa sababu nafuu yake ni ya haraka, mgonjwa huiamini kuliko dawa nyingine zote, wakati chini kwa chini mirija inazidi kuvimba.

Inayotibu uvimbe ni dawa ya kuvuta yenye steroidi, kwa mfano beclometasone au budesonide, mara nyingi ikiwa na rangi ya kahawia au ya machungwa. Hii haitoi nafuu ya papo hapo. Unaivuta leo, kesho, wiki ijayo, na baada ya wiki mbili au zaidi unashangaa kwamba hujaamka usiku. Hapo ndipo wengi huiacha wakidhani wamepona, uvimbe ukarudi taratibu.

Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kwa kifupi kama GINA, ulibadilisha jambo kubwa: ulisema watu wazima na vijana wasitibiwe tena kwa dawa ya bluu peke yake, kwa kuwa huongeza hatari ya mashambulio makali na kifo. Siku hizi ipo inhela moja yenye dawa mbili, budesonide na formoterol, inayofungua mirija na kupunguza uvimbe kwa pamoja. Kama unatumia ya bluu tu, muulize daktari wako juu ya hili. Bei ni kikwazo cha kweli, najua, na si kila duka la dawa linayo. Hata hivyo inhela ya steroidi ya kawaida imo kwenye orodha ya dawa muhimu, na gharama yake kwa mwezi mara nyingi ni ndogo kuliko usiku mmoja wa kulazwa.

Fanya hesabu hii leo. Chupa ya kawaida ya salbutamol ina mibonyezo 200. Anayemaliza chupa tatu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kushambuliwa vibaya. Anayemaliza moja kila mwezi yuko kwenye hatari ya kufa. Muuza dawa mmoja jirani yangu ana tabia ninayoipenda: mteja akija kununua ya bluu kwa mara ya pili ndani ya mwezi, humwambia, "Mama, hii nitakuuzia, lakini kesho nenda ukamuone daktari, hiki kifua hakijatulia." Laiti wote wangefanya hivyo.

Tena, usiipime chupa kwa kuiweka ielee majini. Kipimo hicho hakiaminiki. Hewa ya kusukumia dawa hubaki hata dawa ikiisha, kwa hiyo chupa inaweza kupuliza vizuri kabisa bila kukupa kitu. Kama haina kihesabio, andika tarehe ya kuanza kwa kalamu kwenye bati lake.

Hofu ninayokutana nayo zaidi ni hii: "Steroidi itaninenepesha, na ukianza pampu huachi." Twende kwenye vipimo. Mbonyezo mmoja wa beclometasone huwa na maikrogramu 100 hivi, nayo huenda moja kwa moja kwenye mirija. Siku ukizidiwa, hospitali huweza kukupa prednisolone ya kumeza miligramu 40, ambazo ni maikrogramu 40,000, zikipita mwili mzima. Dawa hizi mbili hazilingani nguvu uzito kwa uzito, lakini unaona tofauti ilivyo. Anayekataa kidogo cha kuvuta kila siku huishia kumeza kingi mara kwa mara, na hicho kingi ndicho kinachoharibu mifupa, sukari na macho. Na inhela haileti uraibu. Kinachokufanya uihitaji ni ugonjwa wenyewe. Madhara ya kawaida ya inhela ya steroidi ni sauti kukwaruza na utando mweupe mdomoni, na dawa yake ni kusukutua na kutema maji kila ukishaivuta.

Kwa pua, vidonge vya mzio visivyoleta usingizi mwingi kama cetirizine na loratadine husaidia chafya na mwasho. Vile vya zamani vya chlorpheniramine hulaza, usiendeshe bodaboda umevimeza. Kwa pua iliyoziba kila siku, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo hutaka uvumilivu wa wiki moja au mbili. Matone ya kuzibua pua kwa haraka ni mtego: ukiyatumia zaidi ya siku tano hadi saba, pua huanza kuziba kwa sababu ya matone yenyewe. Kuosha pua kwa maji ya chumvi ni jambo jema na la bei nafuu. Chemsha nusu lita ya maji, yaache yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, osha tundu moja baada ya jingine ukiwa umeinama. Maji lazima yawe yamechemshwa, maana yapo maradhi machache lakini mabaya mno yanayopitia puani kwa maji ya bomba au ya kisima.

Jambo moja ambalo vyumba vya daktari husahau kuuliza: baadhi ya dawa za presha na moyo, kama propranolol na atenolol, zinaweza kubana kifua cha mwenye pumu, na matone ya macho ya timolol vilevile. Wapo pia wanaobanwa na aspirini, ibuprofen au diclofenac. Popote unapotibiwa, neno la kwanza liwe: "Nina pumu." Na mama mjamzito asiache dawa zake za kuvuta kwa kumhofia mtoto. Mtoto anaumia zaidi mama anapokosa hewa.

Chupa ya maji ya nusu lita

Dawa nzuri ikivutwa vibaya huishia kwenye ulimi. Tikisa chupa. Toa pumzi yote nje. Funga midomo kuzunguka mdomo wa inhela, anza kuvuta taratibu, na hapo hapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta hadi kifua kijae. Shikilia pumzi ukihesabu hadi kumi. Ngoja nusu dakika kabla ya mbonyezo wa pili. Wengi hubonyeza kwanza kisha wakavuta, au huvuta kwa pupa kama mtu anayenusa mchuzi, na dawa hupiga koo.

Kwa mtoto, na kwa mtu mzima aliyezidiwa, kuoanisha pumzi na kidole ni kazi ngumu. Ndipo kinapohitajika kifaa cha kuhifadhi dawa kabla ya kuvutwa, kinachoitwa spesa. Cha dukani ni ghali. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walijaribu kitu kingine, wakachapisha matokeo mwaka 1999: kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Kikombe cha polistirini hakikufanya vizuri hivyo.

Mimi huitengeneza hivi. Chupa ya maji ya nusu lita, iliyooshwa. Nachora kwa kalamu umbo la mdomo wa inhela kwenye kitako chake. Napasha waya mnene jikoni hadi uwe mwekundu, nauzungusha juu ya mchoro ule, dirisha likiwa wazi na mtoto akiwa mbali. Tundu linatakiwa kubana, inhela iingie kwa kusukumwa, na panapovuja nafunga kwa gundi au utepe. Kisha naiosha kwa maji ya sabuni na kuiacha ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, kwa sababu plastiki iliyosuguliwa huvuta dawa ikagandia ukutani. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza mara moja, anapumua polepole ndani na nje mara tano au sita. Kila mbonyezo na pumzi zake. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga midomo anahitaji barakoa ya kifaa hicho, muulize mhudumu wa kliniki.

Chumba unacholala

Turudi kwenye mto wangu. Kosa kubwa halikuwa la sufi. Lilikuwa la wanaoishi ndani yake miaka inapopita: utitiri wa vumbi, wadudu wenye urefu wa theluthi moja ya milimita, wanaokula mabaki ya ngozi tunayoyadondosha. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Tatizo ni vinyesi vyao, ambavyo hukauka, huwa unga, na hupanda puani kila ukigeuka usingizini. Wadudu hawa hawanywi maji, wanayafyonza kutoka kwenye hewa, na hewa ikiwa kavu hufa. Sasa fikiria hewa ya Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Pwani ni pepo yao.

Nilitupa mto ule. Nilinunua wa sponji, na huubadilisha kila miaka miwili. Shuka na foronya zinafuliwa kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60, yaani ya moto kiasi cha kutoweza kutia mkono, kisha hupigwa pasi. Maji baridi huondoa uchafu mwingi lakini hayawaui. Godoro linaanikwa jua kali, linageuzwa, na anayelipiga si mgonjwa. Mifuko ya kufungia godoro kwa zipu inauzwa, na ni mizuri, ila peke yake haifanyi maajabu. Kinachofaa ni kufanya mambo kadhaa kwa pamoja, na dawa ikiendelea. Zulia nililiondoa chumbani nikarudisha mkeka. Mkeka unakung'utwa nje na kupigwa deki, zulia linafuga. Kufagia ni kwa kitambaa kibichi, si kwa ufagio mkavu unaorusha vumbi likakaa hewani muda mrefu.

Mende nao ni chanzo kikubwa cha mzio mijini, kwa kinyesi chao na magamba yao. Funika chakula, toa taka kabla ya kulala, ziba nyufa, na usipige dawa ya kupuliza huku mgonjwa yumo ndani. Kuvu kwenye kuta hakuishi kwa kupakwa rangi. Tafuta maji yanakotoka, bati linalovuja au bomba, kisha safisha. Paka ni jambo gumu, hasa Lamu na Unguja ambako ni sehemu ya mtaa. Kama umethibitisha kwamba ndiye, angalau asiingie chumbani. Ujue kwamba hata akihama, mzio wake hubaki kwenye vitambaa kwa miezi.

Kisha kuna moshi, ambao huwasha mirija hata bila mzio. Kuni na mkaa, sigara ya mtu mwingine, na ule moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma inayowashwa chini ya kitanda cha mtoto usiku kucha. Hii ya mwisho inaniuma, kwa kuwa mzazi huiwasha kwa upendo. Chandarua chenye dawa kinafanya kazi hiyo bila moshi. Udi na ubani ni mila yetu na sitamwambia mtu auache. Ufukizwe mgonjwa akiwa nje, madirisha yafunguliwe, aingie baadaye.

Nje na kazini

Nairobi ikivaa rangi ya zambarau, jakaranda hulaumiwa kwa kila chafya. Maua yenye rangi nzuri huchavushwa na nyuki, chavua yao ni nzito na hairuki mbali. Wa kulaumiwa zaidi ni wasio na uzuri: nyasi, na miti inayotegemea upepo kama mivinje ya pwani. Gugu karoti, lile lenye maua meupe madogo lililovamia pembezoni mwa barabara za Arusha na sehemu nyingi za Kenya, husababisha mwasho wa ngozi, mafua ya mzio na pumu. Usiling'oe mikono mitupu, na mwenye pumu asiling'oe kabisa. Chavua ya nyasi ikikutana na radi inaweza kuua: Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba moja ilipasua chavua kuwa vipande vidogo vinavyofika ndani ya mapafu, maelfu wakakimbizwa hospitali na watu kumi wakafa. Wengi walioathirika walidhani wana mafua ya chavua tu.

Fundi seremala anayepasua mvule, mwokaji anayepuliza unga wa ngano saa kumi alfajiri, msusi anayechanganya dawa za kubadili rangi ya nywele, wote hao kazi yenyewe inaweza kuwaletea pumu ambayo hawakuzaliwa nayo. Dalili ni rahisi: kifua hupoa ukiwa likizo na hurudi Jumatatu. Ukiigundua pumu hiyo mapema na kujiondoa kwenye vumbi lile, unaweza kupona. Ukiendelea miaka, pumu hubaki hata ukiacha kazi.

Mazoezi yasiachwe. Haile Gebrselassie wa Ethiopia ana pumu. Mwaka 2008 alikataa kukimbia maratoni ya Olimpiki ya Beijing kwa kuhofia hewa chafu, akakimbia mita 10,000 badala yake na kumaliza wa sita. Wiki chache baadaye, tarehe 28 Septemba, katika hewa ya Berlin, alivunja rekodi ya dunia ya maratoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59. Alikijua kifua chake, akajua wapi pa kukipeleka.

Kwa Waislamu, Ramadhani huleta swali kila mwaka. Wanazuoni wametofautiana kama dawa ya kuvuta inabatilisha saumu, muulize unayemwamini. Lakini dawa ya kinga, ile ya steroidi, ya mara mbili kwa siku inaingia vizuri wakati wa futari na wakati wa daku, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiacha mwezi mzima. Na akibanwa mchana, mgonjwa avute dawa yake bila kungoja adhana. Ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa baadaye iko wazi.

Siku mbaya ikija

Mkalishe mgonjwa wima, mikono juu ya magoti au mezani. Usimlaze. Legeza nguo, fungua dirisha, ondoa umati. Mpe inhela ya bluu kupitia spesa au chupa: mibonyezo minne, mmoja mmoja, kila mmoja na pumzi zake. Asipopata nafuu ndani ya dakika 20, rudia, huku safari ya hospitali imeshaanza. Katika saa ya kwanza inaruhusiwa kutoa mibonyezo minne hadi kumi kila dakika 20. Moyo utaenda mbio na mikono itatetemeka, na hilo lisiwatishe.

Msingoje lolote kama hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, kama nyama ya katikati ya mbavu inabonyea ndani, kama midomo au kucha zinageuka rangi, kama amekuwa mzito wa akili au anasinzia. Na kumbukeni hili, kwa sababu limewadanganya wengi: filimbi ya kifua ikinyamaza ghafla na mtu bado anahangaika, hajapona. Hewa haipiti tena kiasi cha kutoa sauti. Chukueni gari la yeyote. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, arudi kliniki ndani ya siku chache, maana wiki zinazofuata shambulio ndizo za hatari, na aulize kwa nini lilitokea.

Ukienda kliniki, beba inhela yako na uombe kuitumia mbele ya mhudumu. Omba pia akuandikie kwenye karatasi moja: dawa ya kila siku, dawa ya kuzidiwa, na wakati wa kukimbilia hospitali.

Karatasi ya namna hiyo iko nyuma ya mlango wetu, na nakala yake iko shuleni, kwa kuwa mwanangu wa kwanza amerithi kifua changu. Yuko darasa la tatu. Muhula ulipoanza nilimpelekea mwalimu wake inhela ya pili pamoja na chupa niliyoitoboa. Mwalimu alikiri kwamba hajawahi kushika kitu hicho. Tulikaa kwenye benchi la nje, nikamwonyesha, naye akarudia mara tatu hadi pumzi na kidole vikaelewana. Tulikubaliana ikae kwenye droo ya meza yake ya darasani, ile isiyofungwa kwa ufunguo.